Binti wa miaka 16 anataka kujifunza gari, Dar hii nimpeleke wapi bila kuvunja sheria?

#1 Mkaa Kivukoni
Wakuu, habari za Jumapili.

Binti yangu kamaliza kidato cha nne Novemba, ana miaka 16. Kidato cha tano ni Julai huko, na tangu amalize mitihani ni yeye na simu, simu na yeye. Juzi kaniambia, "Baba nifundishe gari." Gari lipo, IST otomatiki, na Jumamosi huwa nipo nyumbani. Kinachonikwamisha ni umri. Leseni ya kujifunzia ni kuanzia miaka 18, kwa hiyo barabarani hagusi usukani, hilo halina mjadala kwangu.

Swali: kuna sehemu yoyote Dar, hasa huku Kigamboni, ambapo mtoto wa umri huu anaweza kushika usukani kihalali, bila mimi kuchungulia kama trafiki anakuja? Na pawe salama. Zile za "toa ya soda mzee, pita" sizitaki.

#2 Kapuku Mstaarabu
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa siti ya nyuma, mkanda nimefunga.

#3 Nyamwezi wa Tabata
Mkuu mbona hili dogo. Nenda Tanganyika Packers pale Kawe, alfajiri kabla jua halijawaka. Uwanja mpana, hakuna cha kugonga. Mimi mjomba alinifundisha Korola ya manyuali nikiwa kidato cha pili, leo nasukuma Fuso mikoani. Miaka 18 ni makaratasi tu.

#4 Wakili wa Mtaa
#3 unampeleka mwenzako kubaya. Uwanja ukiwa wazi, watu wanakatiza, bodaboda wanapita, huwezi kusimama mbele ya hakimu ukasema ni kwako. Halafu Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimshiki anayeendesha tu. Inamshika na mwenye gari aliyemruhusu mtu asiye na leseni. Asubuhi moja, kesi mbili, nyumba moja.

Mleta uzi, jiulize hivi: mtu baki anaweza kuingia pale unapofundishia bila kuomba ruhusa yako? Kama anaweza, toka.

#5 Dada wa Sinza
Kigamboni mbona viwanja havijajengwa vimejaa tele? Chagua kimoja, piga mizunguko.

#6 Wakili wa Mtaa
#5 kutojengwa si kukosa mwenyewe. Bila ruhusa ya mwenye kiwanja umevamia, na kama hakina ukuta watoto wa jirani watakuwa hapo ndani ya dakika mbili kushangaa gari.

#7 Msee wa Ruiru
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu jambo hili limeandikwa wazi kwenye Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Barabara si lami tu. Inahesabu pia njia nyingine yoyote, gati, maegesho ya magari, hata njia ya miguu, mradi gari laweza kupita na umma unafika. Kwa hivyo wale wazazi wanaowapeleka watoto pakingi ya mol Jumapili asubuhi wakidhani wamejificha, bado wako barabarani machoni pa sheria.

Umri ni 18 kwa gari. Pikipiki ndogo ya kundi A1 ndiyo unaruhusiwa ukiwa na 16. Chini ya hapo NTSA, mamlaka yetu ya usafiri, hawakujui.

#8 Fundi Gereji Mbagala
Wanasheria wameongea, sasa mniache niongee usalama, maana mimi ndiye magari yanapoletwa baadaye.

Hawa wa otomatiki kosa lao ni moja: anakanyaga mafuta akidhani ni breki, na akishtuka anakanyaga zaidi. Nilitengeneza gari la mzee mmoja wa Mbezi. Kijana wake alikuwa anarudi nyuma ndani ya geti lao, baba kasimama nyuma ya gari anaelekeza kwa mkono, "Njoo, njoo, njoo." Gari likachangamka kidogo, mtoto akapaniki, akazamisha mguu. Baba aliruka pembeni. Tanki la maji la lita 2000 halikuruka. Buti lilikunjika mpaka karibu na siti, maji yakaingia sebuleni. Mzee alikuja gereji na kandambili, anasema afadhali ingekuwa barabarani angalau kuna nafasi.

Kwa hiyo hata kama pahala ni halali: hakuna mtu kusimama mbele wala nyuma ya gari. Elekeza ukiwa umekaa siti ya abiria. Na kabla hujaanza angalia handibreki ya gari lako iko wapi. Passo nyingi handibreki ni ya kukanyaga, ipo miguuni kwa dereva, wewe abiria huifikii hata ukilala. Inatakiwa ile ya kuvuta katikati.

Somo la kwanza asiguse mafuta kabisa. Weka D, aachie breki taratibu, gari lenyewe litatambaa. Atambae na kusimama, atambae na kusimama, mpaka mguu wake ujue breki iko wapi bila kuangalia chini.

#9 Mkaa Kivukoni
#8 ubarikiwe. Hilo la handibreki sikuwahi kulifikiria. Yangu ni ya kuvuta, ipo katikati.

#10 Nyamwezi wa Tabata
Kutambaa na kusimama si kuendesha, hiyo ni bembea. Mpe manyuali ajue klachi ndiyo atajua gari.

#11 Kapuku Mstaarabu
#10 umeanza 😂

#12 Msafwa Hamburg
Nipo Ujerumani. Huku wamelitatua kwa namna ambayo ningependa ije kwetu. Kuna viwanja maalumu vya mazoezi ya udereva, vimezungushiwa uzio, unalipa getini kwa saa, unaingia na gari lako na mtu wako asiye na leseni. Ndani kuna njia panda, alama, mlima wa kufanyia mazoezi ya kuondoka bila kurudi nyuma, sehemu za kuegesha. Kila uwanja una umri wake wa chini na masharti ya mtu wa kukaa pembeni.

Kichekesho ni hiki: Jumapili maduka ya huku yanafungwa, pakingi za supamaketi zinabaki tupu kama jangwa, na bado ni kosa kumfundishia mtu pale kama hakuna geti lililofungwa. Ni hoja ileile ya #7.

#13 Bint Malindi
Assalaam alaykum. Msisahau kuwa Zanzibar hiyo Sura 168 yenu haituhusu, tuna sheria yetu wenyewe ya usafiri wa barabarani. Lakini umri wa gari ni uleule, 18.

Mimi nilijifunza shamba Pemba, gari ya babu, njia ya katikati ya mikarafuu. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Sikwambii ni halali, nakwambia ndivyo ilivyokuwa. Skuli nzima tulikuwa tunajua nani babu yake ana gari.

#14 Wakili wa Mtaa
#13 shamba la babu kwa kweli lina hoja nzuri kuliko Kawe. Shamba lina mwenyewe na halina wapita njia. Shida inaanza pale njia ya shamba inapokuwa ndiyo njia ya kijiji ya kwendea kisimani. Hapo sijui hakimu ataionaje, na hapo ndipo mawakili tunapopatia ugali.

#15 Trafiki Mstaafu
Nimesoma kote nimenyamaza. Niwaambie ninachokijua kwa miaka niliyosimama juani.

Askari hatokufuata ndani ya ukuta wako kuuliza binti ana miaka mingapi. Ila siku mtoto akimgonga dada wa kazi ndani ya ukuta huohuo, askari atakuja, na hapo usinitajie hati ya kiwanja. Kuua bila kukusudia ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, haijali kama ni barabarani au jikoni. Watu wanachanganya vitu viwili: kutohitaji leseni na kutokuwa na kosa.

Na nyinyi wa nyumba zenye geti moja, ule mtaa wa ndani si uwanja wako. Mlinzi anafungulia wageni, gari la taka, dereva wa teksi. Wazazi wengi wanadhani geti limefuta sheria.

#16 Dada wa Sinza
#15 lakini mtaa wa ndani unalipiwa na wakazi, manispaa haijawahi kuleta hata kifusi. Iweje iwe barabara ya umma?

#17 Trafiki Mstaafu
Nani kaijenga si hoja. Hoja ni nani anapita.

#18 Msee wa Ruiru
#16 nakubaliana na mstaafu kwa upande wa Kenya, ila nina jirani wakili anasema estate yenye mlinzi anayekataa watu ni tofauti na ile mlinzi anapunga mkono tu. Tumebishana naye mpaka nyama ikaungua. Sijashinda.

#19 Mama Bima
Mnaongea polisi tu, mmesahau bima. Iwe bima ndogo (ya kumlipa uliyemgonga) au bima kubwa (inayolipa na gari lako), soma kile cheti na masharti yake: dereva awe na leseni halali ya daraja la gari hilo. Binti wa 16 hana na hawezi kuwa nayo. Kwa hiyo ndani ya ukuta akigonga nguzo ya jirani, ni mfuko wako. Akigonga gari la shemeji yako lililoegeshwa pale, ni mfuko wako na undugu wako. Watu wanakuja ofisini na bima kubwa wanadhani ni msamaha wa dhambi zote.

#20 Kapuku Mstaarabu
Kwa hiyo bima kubwa inalipa ukigongwa na ng'ombe tu?

#21 Mama Bima
#20 ng'ombe naye tunamuulizia mchungaji.

#22 Kijana wa Dubai
Huku Emirati wameshusha umri hadi 16, Tanzania tufuate.

#23 Mnyalukolo Abu Dhabi
#22 rekebisha. Ni 17, na imeanza Machi 2025 kwa sheria mpya ya usafiri. Kabla ya hapo ilikuwa 18. Hakuna 16 ya gari.

#24 Mswahili wa Columbus
Hapa Ohio kibali cha kujifunzia wanakupa ukiwa na miaka 15 na nusu, baada ya mtihani wa maandishi. Ila usidhani wanakuachia. Akiwa chini ya 16, anayekaa siti ya mbele lazima awe mzazi, mlezi au mwalimu mwenye leseni. Kuna saa 24 za darasani, saa 8 za barabarani na mwalimu, halafu mzazi unatakiwa uape kwa maandishi kwamba umemwendesha saa 50, kati ya hizo 10 ni usiku.

Zile 10 za usiku ndizo zinazovunja ndoa. Mke wangu hakai tena siti ya mbele na kijana wetu, anasema anasali kimyakimya halafu mtoto anamuuliza "Mama unaongea na nani?" Sisi tulianzia pakingi ya kanisa, tuliomba ruhusa kwa mchungaji, akatupa siku za katikati ya wiki ambazo hakuna ibada. Barabarani tulienda baadaye.

#25 Nyamwezi wa Tabata
Mnaona? Marekani 15 na nusu. Uingereza mtoto wa miaka 10 anaendesha. Sisi tu ndio tumebaki na woga.

#26 Mtanga Leicester
#25 tulia kaka. Uingereza barabarani ni miaka 17. Hao wa miaka 10 unaowasikia ni mafunzo ya kulipia, kama ya Young Driver, yanafanyika sehemu zilizofungwa: viwanja vya ndege vya zamani, sehemu ya pakingi iliyozungushiwa, gari lina pedali mbili mbili na mwalimu kakaa pembeni na breki yake. Hakuna mtoto wa miaka 10 anayekutana na basi.

Kibali cha muda cha kujifunzia unaweza kuomba ukiwa na miaka 15 na miezi 9, lakini kukitumia kwenye gari ni mpaka 17. Na anayekusimamia awe na miaka 21 na leseni ya miaka 3. Kwenye ardhi binafsi isiyofikiwa na umma, kwa ruhusa ya mwenyewe, hapo ndipo mdogo wa umri anaweza kuendesha. Pakingi ya supamaketi haihesabiki kuwa binafsi hata kama supamaketi ni ya mtu.

#27 Kapuku Mstaarabu
Gari la breki mbili ndilo ningemfundishia mke wangu. Na usukani wa pili. Na yeye abaki nyumbani.

#28 Dada wa Sinza
#27 mkeo ndiye anayekupeleka kazini, tunakuona.

#29 Kapuku Mstaarabu
Tuendelee na mada.

#30 Mwalimu wa Lena
Mimi nafundisha udereva, mtaniwia radhi nimechelewa. Kuna vituo vinamwambia mzazi, "Andika tu 18, tutamalizana." Msikubali. Leseni inataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na NIDA ni miaka 18, kwa hiyo hela ya ada unailipa, cheti unapewa, leseni hupati, na mtoto kashazoea kudanganya akiwa na usukani mkononi. Afadhali usubiri uje chuoni, VETA au NIT, au kituo kilichosajiliwa, umri ukitimia.

Ila kuna mengi ya kufanya kabla. Alama za barabarani hazina umri. Binti akae siti ya abiria, wewe unaendesha, yeye anakusimulia: "Mbele pundamilia, kushoto bodaboda anataka kuingia, daladala imewasha indiketa ila haiondoki." Wanafunzi wangu waliofanya hivyo wanakuja darasani macho yameshafunguka. Waliofundishwa na wajomba uwanjani wanakuja wanajua kuzungusha usukani kwa mkono mmoja, kioo cha pembeni hawajawahi kukiangalia. Kumrekebisha aliyezoea vibaya kunanichukua muda kuliko kumwanzisha mgeni.

#31 Nyamwezi wa Tabata
#30 wajomba tumekukosea nini?

#32 Fundi Gereji Mbagala
Namuunga mkono mwalimu kwenye vioo, simuungi mkono kwenye kusubiri. Anayeshika gari mara ya kwanza akiwa na 18 anajifunzia wapi? Barabara ya Mandela, katikati ya malori ya bandarini, na L nyekundu mgongoni. Huyo ana faida gani kuliko aliyeanza na 16 ndani ya uwanja uliofungwa, gari linatambaa? Mguu uliozoea breki ni mguu uliozoea breki.

#33 Mwalimu wa Lena
#32 siku ya kwanza hakuna mwalimu mwenye akili anayempeleka mtu Mandela. Tunaanzia uwanjani, na gari letu lina breki upande wangu. Baba yake hana hiyo breki. Tofauti ipo hapo tu, na ni kubwa.

#34 Mama Wawili
Mimi naona wote mnakwepa. Bodaboda wa miaka 15 wapo kila kijiwe, wamebeba abiria wawili na gunia la mkaa, hakuna anayewauliza leseni. Halafu binti wa watu ndani ya geti mnamsomea Kanuni ya Adhabu.

#35 Trafiki Mstaafu
#34 hao tunawakamata, kesho wapo kijiwe kingine. Kosa la mmoja halijawahi kuwa leseni ya mwingine.

#36 Msee wa Ruiru
Kuna njia ya tatu hamjaigusa: go-kart, vile vigari vidogo vya mashindano. Nairobi upande wa Lang'ata upo uwanja, vijana wadogo wanaendesha kwa helmeti, njia imezungushiwa matairi. Mpwa wangu alianzia hapo. Ukimtazama akifika kona, anaachia mafuta kabla, haingii kona akiwa amebana. Hilo halifundishiki kwenye pakingi.

#37 Fundi Gereji Mbagala
#36 go-kart wengi wanaendesha kwa miguu miwili, wa kushoto breki, wa kulia mafuta. Akija kwenye otomatiki na tabia hiyo ndiyo yule yule wa tanki la maji. Otomatiki ni mguu mmoja tu.

#38 Msee wa Ruiru
Hiyo sikubali. Mpwa wangu anatofautisha vizuri.

#39 Kijana wa Dubai
Na zile gemu za kompyuta zenye usukani na pedali? Mdogo wangu anazo.

#40 Mwalimu wa Lena
#39 kwa njia na alama zinasaidia kidogo. Kwa breki hapana, mwili hausikii gari likilala mbele. Wanaokuja kutoka kwenye gemu wanasimamisha gari kama wanaua nyoka.

#41 Mkaa Kivukoni
Nashukuru wote. Nimefikia hapa: shemeji ana yadi Kibada, zamani ilikuwa ya kuwekea kokoto, ukuta pande zote, geti la chuma, ndani hakuna mtu anayeishi. Nimeomba kwa maandishi, kakubali. Ufunguo nabaki nao mimi, geti nafunga kwa ndani. Gari la shemeji nimemwambia alitoe kabisa humo (#19 umenitia hofu). Kwenda na kurudi naendesha mimi, binti anasimulia barabara kama alivyosema mwalimu. Kasimulia kutoka nyumbani mpaka pantoni bila kunyamaza, natafuta pa kuzimia hiyo programu.

Kinachonisumbua ni kokoto. Zimebaki kidogo chini, tairi zinateleza.

#42 Fundi Gereji Mbagala
Fagia njia ya katikati, upana wa magari mawili. Kokoto chini ya tairi na breki ya ghafla gari linateleza moja kwa moja, mtoto atadhani breki imekufa. Weka ndoo tupu za rangi badala ya koni, akizigonga hulipi kitu.

#43 Wakili wa Mtaa
#41 hapo sina la kupinga sana. Ile barua ya shemeji itunze.

#44 Mama Bima
Mimi bado ninalo: ukuta ni wa nani akiugonga?

#45 Mla Ndizi Kibada
Samahani nimeingilia. Nami nipo Kibada, nina eka moja ina ukuta, imekaa tu inaota majani. Kwa jinsi nilivyousoma huu uzi wateja wapo. Nikiweka geti, mtu analipa elfu kumi kwa saa, anakuja na gari lake na mtoto wake, mimi nauza soda kivulini. Kama kule Ujerumani kwa #12. Inawezekana?

#46 Wakili wa Mtaa
#45 polepole. Shemeji wa mleta uzi kamruhusu mtu mmoja. Wewe ukifungua geti kwa yeyote mwenye elfu kumi, umeshaualika umma. Mtu anaweza kuja kusema uwanja wako ni mahali umma unapofika, na hapo tunarudi kwenye leseni.

#47 Msafwa Hamburg
#46 lakini huku vinatoza hela na vipo halali, kwa sababu vina uzio, sheria za ndani na bima yake maalumu. Kulipia kwenyewe si tatizo.

#48 Wakili wa Mtaa
#47 huko kuna utaratibu unaovitambua. Hapa #45 ana majani na soda.

#49 Mla Ndizi Kibada
Nikimruhusu bure je, halafu soda nikauza elfu kumi?

#50 Trafiki Mstaafu
Hiyo soda nitakuja kuionja mwenyewe.